Mgeni Ndiye Analala Hotelini

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2009, na fungate hatukuwa nayo. Pesa ziliishia kwenye mahari, ukumbi na mchele wa wageni. Jumatatu iliyofuata yeye alirudi karakanani kwenye mbao zake, mimi nikarudi darasani kufundisha. Lakini usiku ule wa arusi tulikuwa tumeahidiana jambo moja: tukipata nafasi, tutavuka Ziwa Kivu hadi Bukavu, mji aliozaliwa yeye, tukae siku chache sisi wawili tu, tutembee na tule. Nafasi hiyo ilichukua miaka tisa. Watoto watatu walizaliwa humo katikati, nyumba ya mbao ikasimama, baba yangu akaugua na kufariki.

Desemba 2018 zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana pesa, ilifika. Tukatenga dola 220 kwa siku nne, tukawaacha watoto kwa mama yangu, tukaenda bandarini. Karibu kila kitu kinachoweza kuharibika kati ya Goma na Bukavu kiliharibika. Tangu hapo tumevuka mara nyingi, pamoja na safari moja ambayo hatukuichagua, na sasa majirani wanaotaka kwenda huko wanakuja kuniuliza. Nimeona niandike yote mahali pamoja, kwa wanandoa wenye mshahara kama wetu.

Tulipofika kwenye lango la bandari, kijana mmoja, komisionere, yaani dalali wa tiketi, alilishika begi letu akasema kaunta imeshafungwa na meli inajaa. Mume wangu akampa dola 40 kwa tiketi mbili. Tulipoingia tulikuta kaunta iko wazi, na tiketi ya daraja lile lile ni dola 12. Tulipoteza dola 16 kwa kuogopa kutembea hatua hamsini. Tena tiketi zenyewe zilikuwa na majina ya watu wengine. Wakati ule tuliona ni jambo dogo. Leo siwezi kupanda hivyo. Meli ikipata ajali, orodha ya abiria ndiyo ndugu zako watakayosomewa, na kama jina lako halimo, watakutafuta wapi? Nenda kaunta mwenyewe na kitambulisho, siku moja kabla ukiweza, na ulisome jina lako kabla hujaondoka dirishani.

Mwaka ule Ebola ilikuwa Beni na Butembo, kwa hiyo langoni tulinawa maji ya klorini na kupimwa joto. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipopata viti jua lilikuwa limezama, na hapo ndipo niligundua kwamba hatuna chakula. Mume wangu alikuwa amesema ndani kinauzwa. Kweli kilikuwepo: biskuti, soda na bia. Kitu pekee tulichobeba kilikuwa fromaje nzima ya Masisi, ile jibini yetu ya duara, niliyoinunua dola 5 ili tuile taratibu Bukavu. Nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka chini ya kiti, karibu na joto la mashine.

Wale ambao hawajavuka usiku wajue kuwa Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460. Baridi yake usiku ni ya mlimani, na upepo hauna kizuizi. Mimi nilikuwa na kitenge kimoja. Mume wangu alikuwa amekaa ndani kabisa, kwenye harufu ya mafuta, na tumbo lake lilikuwa tupu tangu asubuhi. Baada ya saa mbili alianza kutapika. Nilimpeleka nje, nikamshika mabega kwenye ukingo, na badala ya kumpa pole nikamwambia maneno makali. Nilimwambia kwamba miaka tisa nimesubiri safari hii na ameshindwa hata kununua mkate. Hakunijibu. Ninayakumbuka maneno hayo kuliko ninavyoikumbuka baridi.

Huko nje tuliona taa za wavuvi. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, na taa zinawashwa ili sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wapande juu kuufuata mwanga. Zilikuwa nyingi hadi ziwa lilionekana lina mtaa wake. Kutoka mtumbwi mmoja tulisikia wanaume wakiimba wakivuta wavu kwa pamoja. Tulisimama pale tukiwasikiliza, tukiwa tumekasirikiana na tumejifunika kitenge kimoja.

Kichefuchefu cha melini nimekijua sasa. Kula kitu chepesi saa mbili kabla, maana tumbo tupu linachafuka haraka kuliko lililoshiba kiasi. Kaa katikati ya chombo, si mbele wala nyuma, mahali hewa inapopita. Angalia mbali, usiangalie simu. Kipande cha tangawizi mdomoni kinamsaidia mume wangu, na kinywa kikiwa na kazi hata maneno makali yanapungua.

Tulifika alfajiri. Bukavu ukiingia kwa maji ni mji mzuri sana: rasi zake zinaingia ziwani kama vidole, nyumba zimepanda vilima hadi juu, na ukungu unakatika vipande vipande. Mume wangu alianza kunionyesha: kule Nguba, kule Muhumba, kule juu kabisa Kadutu alikokulia. Uso wake ulikuwa wa mtoto. Nilitaka kumwomba msamaha wakati ule, sikufanya.

Tulikuwa tumechagua hoteli ndogo upande wa Ibanda, dola 25 kwa usiku. Nilipotoa noti ya dola 50, mpokeaji akaiinua kwenye mwanga, akanirudishia. “Mama, hii haiendi. Imepasuka.” Ilikuwa na mpasuko pembeni mdogo kama punje ya mchele. Mtu wa kwetu anajua: dola yenye tundu, wino au mpasuko ni karatasi tu. Noti za zamani nazo watu wanazikataa, na za dola moja moja wengi hawazitaki. Nilijua yote hayo, lakini wakati wa kupokea zamu yangu ya likelemba sikuikagua noti kwa noti, kwa sababu niliona aibu kuhesabu mbele ya wenzangu. Iangalie kila noti pande zote mbili kabla hujasafiri, na ubebe franga za Kongo za kutosha kwa siku mbili za kwanza. Mbadilisha pesa wa barabarani aliichukua baadaye kwa kukata dola 8.

Pale kaunta, noti ilipokataliwa, tulianza kupekua mifuko. Mume wangu akatoa soksini dola 30 ambazo sikuwa nazijua. Mimi nikatoa dola 20 kutoka kwenye kitabu changu cha sala, ambazo yeye hakuzijua. Za kwake zilikuwa za shangazi yake mzee wa Kadutu. Za kwangu zilikuwa za kitenge cha dada yangu. Tuliangaliana. Kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake jambo jema kwa kuogopa kukataliwa, na kwa kweli ningemkatalia. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba safari hii ni yetu wawili, ndugu wasijue tumefika. Nilikuwa najua tukiingia ukoo mzima, kila siku itakuwa ya salamu na bahasha, na dola 220 hazitafika Jumanne. Yeye alikubali kwa mdomo. Moyoni hakuweza.

Siku mbili tulikaa kimya kama watu wanaofanya kosa. Tulikula vizuri, hilo siwezi kukataa. Broshete, yaani mishikaki, za mbuzi na ndizi za kuchoma, pilipili pembeni. Samaki wa kukaanga kando ya ziwa, bei ghali, nusu yake tulilipia kiti na mandhari. Tulitaka kwenda Tshivanga kuona sokwe wakubwa, gorila, wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, tukauliza bei ya kibali, tukarudisha pochi mfukoni. Tukaenda Lwiro badala yake, kwenye kituo kile cha utafiti cha wakati wa Wabelgiji, ambako wanatunza sokwemtu waliookolewa kwa wawindaji. Njia ilituchosha, lakini ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote. Mume wangu alikaa dakika nyingi mbele ya sokwemtu mmoja mdogo bila kusema neno. Kama pesa ni kidogo, nendeni Lwiro.

Siku ya tatu tulipanda soko la Kadutu kununua unga wa muhogo. Mama mmoja muuza maharagi alimtazama mume wangu, akaweka kopo chini. “Papa, wewe si mtoto wa yule fundi mbao wa huku juu? Shangazi yako anajua mumefika?” Mume wangu alijibu kwamba tumefika jana. Ulikuwa uongo, na mama yule aliuona. Saa moja haikupita, simu ikalia.

Nyumba ya shangazi iko kwenye mteremko mkali, ngazi za udongo, ziwa linaonekana chini kama sahani. Alitupokea vizuri mno, jambo lililonitia hofu zaidi. Akatuandalia bugali wa muhogo, maharagi na sambaza. Akatunawisha mikono. Halafu akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, hakula nasi. Tulipomaliza ndipo akasema, taratibu, akimwangalia mume wangu peke yake: “Mwana wangu, mgeni ndiye analala hotelini. Wewe uko mgeni hapa?”

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilihisi uso unawaka, kwa sababu kosa lilikuwa langu na lawama anabeba yeye. Nikapiga magoti, nikamwambia, “Shangazi, ni mimi niliyemwambia tusipige simu. Niliogopa pesa.” Akaninyamazia muda mrefu. Kisha akasema, “Pesa iliishaje?” Nikamweleza yote: komisionere, noti, hoteli usiku mbili, samaki wa kando ya ziwa. Alipiga hesabu kwa vidole. Tulikuwa tumetumia karibu dola 150. Akasema kwa pesa hiyo nyumba yake nzima inakula mwezi, na hakusema kwa kiburi. Alisikitika.

Jioni ile tulihamia kwake. Nikamkabidhi ile fromaje, ambayo ilikuwa imetoa jasho na kulainika pembeni. Aliikata sehemu mbaya, akaipangusa kwa chumvi, akaifunga kwenye kitambaa safi cha pamba. “Plastiki inaiua,” alisema. “Inataka kupumua.” Tangu siku hiyo sijawahi kusafirisha fromaje kwenye mfuko.

Kesho yake aliniita jikoni kabla ya jua, na nadhani hapo ndipo aliponisamehe. Tulishuka pamoja kupokea sambaza wa usiku. Alinifundisha kuwachagua: ngozi iwe inang'aa kama bati jipya, macho yawe wazi, tumbo lisiwe limepasuka. Aliniambia nisinunue wengi mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu taa za wavuvi hazina nguvu mbele ya mbalamwezi, mavuno yanapungua, bei inapanda, na wauzaji wengine wanachanganya wa jana na wa leo. Sambaza mbichi unawaosha kwa maji yenye limau, unawaacha wachuje hadi wakauke kabisa, unawapaka chumvi na unga kidogo, na mafuta lazima yawe moto kabla hawajaingia. Usiwageuze hadi uone ukingo umekuwa mgumu. Mimi nimekulia Goma, nimekaanga sambaza tangu nikiwa na miaka kumi, na sikuwahi kuwaacha wakauke. Ndiyo maana walikuwa wanavunjika.

Akiwa amekaa kwenye kigoda aliniambia kwamba alipokuwa msichana hawakuwepo sokoni. Walitolewa Ziwa Tanganyika wakati wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaachwa humu, na ilichukua miaka mingi kabla watu hawajawavua kwa wingi. Leo nani angeamini? Chakula chetu cha kila siku nacho kilikuja kwa safari ya kutoka ziwa moja hadi jingine.

Tulirudi Goma na dola 11. Tulipokuwa kwenye meli, ya mchana safari hii, nilimwomba mume wangu msamaha kwa maneno ya usiku ule, na tukakubaliana mambo mawili ambayo tumeyashika hadi leo. La kwanza, kabla ya safari tunakaa mezani na kila mmoja anaitaja pesa yake yote, pamoja na ile ya ndugu na ile ya siri. Pesa ya ndugu inahesabiwa mwanzo, kama nauli. La pili ni mkoba wa chakula. Huo ni begi la kitambaa ambalo halibebi kitu kingine: mayai ya kuchemsha kumi, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, mkate, fromaje kwenye kitambaa chake, limau, tangawizi, na bidoni la lita tano la maji yaliyochemshwa. Mayai na ndizi vinawekwa siku ile ile. Karanga, chumvi, sukari na bidoni havitoki kwenye mkoba kamwe.

Chumvi na sukari zina hadithi yao. Mwishoni mwa Julai 2019 tulikwenda Idjwi, kisiwa cha humu ziwani, kwa boti ya mbao, siku mbili tu, kwa ajili ya nanasi. Nanasi la Idjwi unalila ukiwa umesimama mbele ya muuzaji, maji yanateremka hadi kiwikoni, na hutaki tena la mahali pengine. Lakini jioni mume wangu alinunua sambaza waliokwisha kukaangwa, waliokuwa kwenye beseni tangu mchana. Mkoba wetu ulikuwa na mayai. Alisema amechoka na mayai. Usiku wa manane tulianza kuharisha wote wawili, na yeye alitapika tena na tena.

Lazima mwelewe mwezi ule ulikuwaje. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu mgonjwa wa kwanza wa Ebola atangazwe mjini Goma. Mtu akitapika, majirani walisogea mbali. Mume wangu alitaka tunyamaze hadi kupambazuke, turudi nyumbani kimyakimya. Nilikataa, na ninamshukuru Mungu kwamba nilikataa. Alfajiri tulikwenda kituo cha afya, nikasimama mbali na mlango na kusema tumetoka Goma na tuna dalili hizi. Muuguzi alituuliza mara tatu kama tulihudhuria mazishi au kumgusa mgonjwa. Alituweka peke yetu kwenye chumba. Zile saa nilimwazia kila mtoto wangu, mmoja mmoja, nani atamlea. Ikaonekana ni chakula. Tulilipa dola 18 kwa dawa na kitanda.

Muuguzi yule alituonyesha kitu ambacho kila msafiri anapaswa kukijua: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, kunywa kidogo kidogo, hata kama unatapika. Sukari au chumvi isizidi, ikizidi inadhuru. Na mtoto mdogo, au mtu aliyelegea asiyeweza kunywa, huyo apelekwe kituoni mara moja. Kule kwetu kipindupindu hakiishi, kwa hiyo usidharau kuhara. Chakula cha njiani, kula kile kinachotoka kwenye mafuta mbele ya macho yako, cha moto. Cha beseni kiache, hata kama kinanukia.

Baada ya Idjwi tulianza kutembea na watoto, safari fupi za Jumamosi kando ya ziwa, na sufuria ya bugali imefungwa kwenye kitenge. Neno moja tu hapo: upande wetu wa Goma usitandike mkeka kwenye shimo au bonde lililotulia, hata liwe na kivuli kizuri namna gani. Mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, inalala chini, haina harufu, na mtoto anaikuta kabla yako. Uliza wenyeji, kaa juu.

Safari ambayo hatukuichagua ilianza Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipolipuka jioni. Lava ilisimama nje kidogo ya mji, lakini matetemeko hayakusimama. Siku tano usiku na mchana nyumba ilitikisika. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 27, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba mitaa kumi kati ya kumi na minane ya Goma ihame, na wetu ulikuwamo. Watu walitoka na magodoro, na televisheni, na mbuzi. Wengi walielekea Sake kwa miguu, wengine mpakani Rwanda. Mkoba wetu ulikuwa mlangoni tangu Jumapili. Mume wangu alimbeba mtoto wa mwisho, mimi nikabeba mkoba, wakubwa wakashika bidoni.

Bandarini ilikuwa kama soko linaloungua. Boti moja ya mbao ilikuwa inajaza watu, na mwenye boti alituita, nafasi tano, sasa hivi. Mume wangu aliweka mguu. Nikatazama ndani: watu wamesimama, hakuna jile hata moja, yale makoti ya kuelea, na maji yamefika karibu na ukingo. Nikamshika shati. “Baba watoto, hapana.” Akaniambia mlima utatuua. Nikamwambia ziwa nalo linaua. Tulibishana mbele ya watu, watoto wakilia, na sijui hata leo ni nani kati yetu alikuwa na ushahidi. Hakuna aliyekuwa nao. Mwishowe alitoa mguu wake. Boti ile ilifika salama, niseme ukweli. Sisi tulikaa chini ya ukuta saa saba tukisubiri meli kubwa. Tulikula mayai, karanga na ndizi, tukawagawia mama mmoja na watoto wake wawili waliokuwa hawana kitu. Watoto wetu hawakulia njaa, na wazazi ambao watoto wao hawalii njaa wanaweza kusubiri.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi ilizama karibu na Kituku, bandari ya hapa Goma, watu wakiwa ufukweni wanaiona. Makumi ya watu walifariki. Kati yao walikuwa watu waliokuwa wanaleta mboga na viazi mjini, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake na wakati ule karibu kila kitu kilipita majini. Tangu siku ile mume wangu hajaniambia tena kwamba nina woga. Tumewanunulia watoto jile zetu wenyewe, na nampa mkubwa kazi ya kuzifunga za wadogo kabla meli haijaondoka, si ikiwa katikati.

Bukavu, Mei ile, tulikuta vijana wawili wametumwa na shangazi kutusubiri bandarini. Nilikuwa nimempigia simu saa kumi na moja alfajiri, tukiwa bado Goma. Nyumba yake ya vyumba vitatu ilikuwa na watu kumi na sita usiku ule. Alikuwa amekaanga sambaza, amewaweka kwenye sinia kubwa, na safari hii alikaa chini kwenye mkeka, akala nasi mkono kwa mkono. Nilimpa zile dola 60 tulizokuwa nazo zote, mbele ya mume wangu. Akachukua 40, akanirudishia 20. Tulikaa siku kumi na tisa, hadi serikali ilipokuwa imeruhusu watu kurudi. Mimi nilipika asubuhi, yeye jioni, mume wangu alimtengenezea mlango na kabati.

Ninaandika haya ikiwa Desemba tena, ya 2024. Shangazi amezeeka, magoti yake hayapandi tena ngazi za Kadutu, na anataka kuwaona watoto. Tiketi tano tumezinunua kaunta, majina yote nimeyasoma. Pesa tumeihesabu mezani. Kitu kimoja hakijapatikana: fromaje ya Masisi, ambayo mwaka huu imekuwa adimu mezani kwetu kwa sababu ya vita, na mume wangu amezunguka mtaa wa Birere siku mbili akiitafuta. Jana shangazi alipiga simu akaniuliza kama inakuja. Nikamwambia tunaitafuta. Akanyamaza, kisha akasema kitambaa kile cha pamba bado anacho, amekifua.